Namba Thelathini wa Karakana

Mwalimu Msasa alihesabu vigoda mara tatu, na mara zote tatu vilikuwa thelathini.

Kwa mtu asiyelijua darasa lake hakuna ajabu hapo. Kazi ya muhula ilikuwa kigoda kimoja kwa kila mwanafunzi: miguu minne, viungo vya ulimi na tundu, bila msumari hata mmoja. Vigoda thelathini, wanafunzi thelathini. Shida ni kwamba wanafunzi wake wa useremala walikuwa ishirini na tisa.

Alivipanga juu ya benchi refu chini ya dirisha, akavigeuza kimoja kimoja kutazama namba zilizochomwa kwa chuma cha moto chini ya kila kiti. Cha mwisho kilikuwa na 30. Akakishika. Kilikuwa na joto, kama kiti ambacho mtu ameinuka sasa hivi. Akakitikisa, hakikutikisika. Akavaa miwani akachungulia viungo: hakuna gundi, wala mwanya wa kupitisha unywele. Alikuwa amefundisha miaka kumi na tisa na hajaona mwanafunzi, wala fundi mkubwa, wala yeye mwenyewe, akikata kiungo namna ile.

Akakinusa. Mbao mpya hunukia. Hiki kilinuka kitambaa kilicholoa kikasahaulika ndani ya ndoo.

"Nani ameniletea mchezo hapa?" akafoka.

Darasa zima likacheka. "Ni Thelathini, Madam!"

"Thelathini amejitahidi!"

"Mpe mia kwa mia, Madam, maskini hana hata mama wa kumpongeza!"

Mwalimu Msasa hakucheka. Akakiweka kigoda chini polepole, akajifuta mikono kwenye aproni mara mbili.

Ili uelewe kwa nini watoto walicheka, lazima uambiwe uongo wenyewe ulivyoanza, na utaambiwa bila kuzungushwa.

Ilikuwa shule ya sekondari ya serikali, zile zinazopokea kila mtu. Jengo la mbele lilikuwa la sanaa, lenye piano moja na jukwaa la mbao. Upande wa pili ulikuwa uwanja wa michezo. Na huko nyuma kabisa, jirani na tangi la maji, mahali ambapo wageni hawapitishwi, ndipo ilipokuwa karakana. Mwaka uliotangulia ulikuja waraka: darasa lolote la ufundi lenye wanafunzi pungufu ya thelathini litafungwa na chumba chake kitapewa kazi nyingine. Mwalimu wa michezo, ambaye wote walimwita Filimbi, alikuwa ameshapima mlango wa karakana aone kama magodoro ya sarakasi yatapita.

Mkuu wa shule akaja na daftari la mahudhurio kwapani. "Mwalimu, tumepungukiwa mmoja. Andika mmoja tu. Nani anahesabu?"

Sasa, huyu Mwalimu Msasa aliitwa hivyo kwa sababu ukimgusa unachubuka. Aliwahi kumrudia mteja na mlango mpya begani, kuutoa uliokwisha kufungwa, kwa sababu usiku alikumbuka kwamba ule wa kwanza ulikuwa na ufa chini ya rangi. Mwanamke wa namna hiyo. Lakini alitazama mabenchi yake, akatazama futi ya Filimbi mlangoni, akashika kalamu. Akaandika. Hana utetezi.

Jina alilobuni halitatajwa hapa, na ukifika mwisho utaona kwa nini si busara kulitaja. Hata darasani hawakulitumia. Karakana ile watu waliitana kwa namba, maana namba ndiyo iliyokuwa kwenye aproni, kwenye ndoano ya vifaa na chini ya kila kazi. Kwa hiyo mtoto yule aliyekuwa hayupo alipewa namba thelathini. Akapewa aproni. Akapewa ndoano yenye msumeno, patasi na nyundo ya mti, ili mtu akichungulia dirishani aone zimetimia.

Na kila asubuhi aliitwa. Kiranja wa darasa, binti mwenye Namba Nne, ndiye aliyemwitikia. Alikuwa mcheshi, ana mdomo. "Thelathini?" Mwalimu akiita, binti anabana pua na kutoa sauti ya mvulana anayeanza kubaleghe: "Nipooo!" Darasa linaanguka kwa kicheko.

Basi uongo ukawa mtamu. Kioo kikivunjika, kavunja Thelathini. Filimbi akamwandika mkimbiaji wa akiba katika mbio za vijiti. Mwalimu wa maigizo akampa nafasi ya maiti, kwa kuwa maiti hana maneno ya kukariri. Shule nzima ilimjua. Mtu hayupo, lakini ana kiti kila mahali.

Wanaosema majini hupenda magofu waache kudanganya watu. Gofu lina nini? Jini hupenda nafasi iliyotayarishwa.

*

Jumatatu baada ya vigoda, Namba Nne alikuwa ametumwa ofisini kuchukua chaki wakati majina yakiitwa. Mwalimu aliita moja mpaka ishirini na tisa, na kwa mazoea, bila kuinua macho, akaita, "Thelathini?"

"Nipooo," ikajibu sauti kutoka benchi la nyuma.

Ilikuwa ile ile sauti ya kubana pua. Watoto wakacheka, kisha mmoja akaacha kucheka, na mwingine, na mwingine, kama taa zinavyozimwa moja moja. Mlangoni alikuwa amesimama Namba Nne, na boksi la chaki mkononi.

"Madam," akasema kwa sauti ndogo, "si mimi."

"Nimeona si wewe. Nani amejibu?"

Hakuna aliyenyanyua mkono. Benchi la nyuma lilikuwa tupu. Ila juu yake palikuwa na maranda ya mbao, membamba, yamejikunja vizuri, na yalikuwa bado yanatingishika.

Siku ya pili Filimbi alimvuta Mwalimu Msasa pembeni ya chumba cha walimu. Filimbi alikuwa mtu wa kelele. Hiyo siku alinong'ona.

"Msasa, yule mtoto wako anakimbia."

"Mtoto gani?"

"Usinifanye mjinga. Yule wa akiba. Jana nimeanzisha mbio na wanne. Nimesimama pale kwenye mstari wa mwisho na saa yangu. Walipokata kona ya mbali nikahesabu vivuli, vikawa vitano. Na kijiti hakikuletwa na niliyempanga, dada yangu. Kimefika chenyewe. Nimekiokota chini, kimeloa chepechepe."

"Umekunywa nini?"

"Natamani ningekuwa nimekunywa." Akageuza uso. "Na usiniulize habari za kwaya. Kawaulize wenyewe kwa nini mwalimu wao akiwaambia nyamazeni, kuna mmoja anaendelea."

Mwalimu Msasa hakwenda kuwauliza. Alikwenda karakana, akaishusha aproni ya thelathini kutoka kwenye ndoano, akaikunja na kuitupa kwenye pipa la taka. Asubuhi iliyofuata ilikuwa imening'inia mahali pake, imefuliwa.

*

Kisha Namba Nne akaanza kukauka sauti.

Kwanza walidhani ni mafua. Jumatano sauti ilimkwaruza, Alhamisi alinong'ona, Ijumaa Mwalimu alipoita, "Nne?" binti alifungua mdomo, macho yakamtoka, na hapakutoka kitu. Jibu lilikuja kutoka benchi la nyuma. Sasa halikuwa la kubana pua. Lilikuwa sauti yake binti, ya kila siku, ya mcheshi mwenye mdomo: "Nipo, Madam."

Binti akachukua penseli ya seremala akaandika juu ya kipande cha mbao, herufi zinatetemeka: NIKIFUNGUA MDOMO ANAJIBU YEYE.

Mwalimu Msasa akalivuta daftari. Yeye si mtu wa kukosea daftari. Kwa siku tano mfululizo alikuwa ameweka alama ya vema mbele ya Namba Nne, kwa mkono wake. Sasa mbele ya Namba Nne palikuwa na "hayupo, hayupo, hayupo," kwa mwandiko wake yeye mwenyewe. Na mbele ya Thelathini, vema zote, za wino mbichi.

Hapo akaelewa. Darasa lilisema thelathini huku watu ni ishirini na tisa. Namba ile ilikuwa haina mwili, na ilikuwa imechoka kungoja.

Jumatatu mama yake Namba Nne alikuja shule. Alikuwa dereva wa lori la taka, na aliliegesha mbele ya ofisi ya Mkuu likiwa na mzigo wake. Akaingia na buti.

"Mwalimu ni yupi? Wewe? Nakusalimu baadaye. Nilikupa mtoto mwenye mdomo kama redio. Nyumbani tulikuwa tunamwomba anyamaze tusikie taarifa ya habari. Tangu Ijumaa hasemi. Jana nimepakua chakula, nikamsahau sahani. Mimi! Mama yake! Nimemtazama amekaa pale nikajiuliza, huyu mtoto ni wa nani?" Akamgeukia na Mkuu. "Sijui mmefanya nini humu. Nirudishieni mwanangu na mdomo wake."

"Utarudishiwa, mama," akasema Mwalimu Msasa.

"Lini?"

"Wiki hii."

Mkuu akakohoa. "Tusiahidi mambo ambayo..."

"Nimeahidi mimi, Mkuu. Sijakutaja."

*

Mkuu hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mwoga tu, na mwoga mwenye cheo ni hatari kuliko mbaya. Jumanne alileta mganga, kwa mlango wa nyuma, wakati watoto wakiwa uwanjani. Mganga mwenyewe alikuwa mama mnene mwenye mkoba wa ngozi na miwani ya kusomea. Hakufukiza kitu. Alizunguka karakana mara moja, akagusa aproni, akainusa ndoano, akakikaribia kigoda cha thelathini lakini hakukikalia.

"Nileteeni karatasi zenu," akasema.

Wakamletea daftari. Akasoma kurasa tatu akilamba kidole, akalifunga.

"Mimi nafukuza wavamizi. Huyu hakuvamia. Mmemwandika. Mmemvisha. Mmempa vifaa, mmempa timu, mnamwita kila asubuhi na mnamwitikia. Mkuu, hata polisi hamtoi mtu mwenye mkataba wa nyumba."

"Kwa hiyo huwezi?" Mkuu akauliza.

"Siwezi, na anayekuambia anaweza anataka kula kuku wako. Aliyemwandika ndiye amfute. Mbele za watu, kwa mdomo, kama mlivyomwita kwa mdomo." Akamgeukia Mwalimu Msasa, akashusha sauti. "Lakini sikiliza, mwanangu. Kabla ya kumfuta, ita wote. Kila aliye wako ajibu mwenyewe. Asijibiwe na mtu. Ambaye hatajibu mwenyewe, yule akitoka atatoka naye."

Mwalimu Msasa akanyoosha mkono kuchukua daftari. Mkuu akawahi. Akalikumbatia kifuani.

"Alhamisi mkaguzi anakuja," akasema. "Siku mbili tu. Akishaondoka, futa unavyotaka."

"Mtoto anafutika, Mkuu!"

"Na watoto ishirini na wanane je? Karakana ikifungwa wataenda wapi? Wewe utaenda wapi? Siku mbili, Mwalimu, nakuomba." Akalifungia daftari kwenye droo ya ofisi, na ufunguo akautia mfukoni.

Kwa siku mbili zile Mwalimu Msasa hakuita majina. Alimweka Namba Nne kwenye benchi la mbele kabisa, na kila baada ya dakika chache alimshika bega. Watoto walidhani anambembeleza. Alikuwa anahakikisha bega lipo.

*

Alhamisi, saa nne asubuhi, jua likiwaka, mkaguzi akaingia karakana. Mtu mfupi, mpole, ana kalamu mbili mfukoni. Nyuma yake Mkuu, daftari kwapani, anatabasamu kwa meno yote, kola imetota jasho. Mkaguzi akatembeza kidole hewani akihesabu vichwa.

"Ishirini na nane, ishirini na tisa, thelathini. Vizuri sana."

Mwalimu Msasa akamgeukia. "Umehesabu mpaka nani, mheshimiwa?"

"Mpaka yule wa nyuma kabisa. Mwenye aproni safi." Mkaguzi akainama kidogo, kama anayejaribu kuona chini ya kofia ya mtu. "Mbona hainui uso? Ana haya?"

Hakuna mwanafunzi aliyegeuka. Ishirini na tisa wote walikaza shingo mbele, na benchi la nyuma, ambalo wao walijua ni tupu, lilitoa mlio wa mtu anayehamisha uzito kutoka mguu mmoja kwenda mwingine.

"Naomba daftari," akasema Mwalimu Msasa. "Niite majina mbele ya mgeni."

Mkuu akalishika kwa mikono miwili. Lakini mkaguzi alikuwa ameshanyoosha mkono, na mkaguzi hakataliwi. Likapita kwake, likafika kwa Mwalimu.

"Moja."

"Nipo!"

"Mbili."

"Nipo."

"Tatu."

"Nipo, Madam."

"Nne."

Binti alisimama, akashika ukingo wa benchi, akafungua mdomo.

"Nipo, Madam," ikajibu sauti yake kutoka nyuma, changamfu, tamu, na mkaguzi akaitikia kwa kichwa, ameridhika.

Mwalimu Msasa hakuweka alama. "Nne," akarudia.

"Nipo, Madam." Sasa ilikuwa karibu zaidi, benchi la tatu kutoka nyuma, na pamoja nayo ikaja ile harufu ya kitambaa cha ndooni, nzito, ya maji yaliyokaa.

"Thelathini, sikukuita wewe," akasema Mwalimu Msasa. "Subiri zamu yako. Hata uongo una foleni."

Ndipo mambo yakaanza. Maranda yaliyokuwa sakafuni yakasogea yenyewe, taratibu, yakikwaruza saruji kama makucha ya kuku wengi, yote yakielekea nyuma, na misumeno ikaanza kuyumba kwenye ndoano zake na kutoa ule mlio mwembamba wa bati linalopindwa, mwembamba, mrefu, unaoingia kwenye meno, na jua lililokuwa dirishani likaonekana lipo mbali, kama jua la nchi nyingine, na vigoda vyote vilivyopangwa ukutani vikageuka kimoja baada ya kingine kumtazama binti aliyesimama, ikiwa kigoda kinaweza kutazama, na namba iliyokuwa kifuani kwenye aproni ya binti ikaanza kupauka, nne ikawa kijivu, kijivu kikawa doa, na doa likawa kitambaa kitupu.

"Mwalimu," akasema mkaguzi kwa mashaka, "unamwita nani? Hapo mbele hapana mtu."

Mkuu akakodoa macho kwenye benchi la mbele. Tabasamu likamwanguka. "Kweli," akanong'ona. "Kwani pale... alikuwa anakaa nani?"

"Yupo, Madam!" akalia mtoto mwenye Namba Tisa. "Sisi tunamwona, andika tu yupo!"

"Nyamaza! Hakuna kumjibia mtu! Kujibiana ndiko kumetufikisha hapa!" Mwalimu Msasa akatupa miwani. Akamtazama binti, ambaye sasa ukuta ulionekana kupitia bega lake, akamtazama machoni kwa sababu macho ndiyo yaliyokuwa bado meusi. "Nne! Sauti kaichukua, sawa. Ni mwizi. Mikono je? Umemwazima na mikono?"

Binti alitazama mikono yake kana kwamba ni ya mtu mwingine. Vidole vikatambaa juu ya benchi, vikapapasa, vikakuta nyundo ya mti. Akaiinua kwa mikono miwili, kwa shida, kama mtu anayeinua ndoo kutoka kisimani, na huku nyuma ile sauti yake ikaanza kupiga kelele, "Nipo, nipo, nipo, Madam, nipo," haraka haraka bila kuvuta pumzi, benchi la tatu kutoka mbele, kisha benchi lililo mgongoni kwake.

Akaishusha.

Benchi likalia. Akaishusha tena. Mara ya tatu patasi zikaruka mezani, na mkaguzi akaruka nazo, maana mbele yake, mahali palipokuwa patupu, palikuwa na binti mwenye machozi na jasho na namba nne kubwa nyeusi kifuani.

"Nne yupo," akasema Mwalimu Msasa, akaweka vema kwa nguvu mpaka karatasi ikachanika. "Tano!"

Namba Tano alijibu na akapiga nyundo benchini. Hakuna aliyemwambia. Sita akapiga. Saba akapiga. Kila aliyeitwa alijibu kwa mdomo wake na nyundo yake, na harufu ile ilirudi nyuma hatua kwa hatua, benchi kwa benchi, mpaka ishirini na tisa.

Mwalimu akavuta pumzi. "Thelathini."

Haikujibu "nipo." Ilisema kwa sauti ya Mkuu, neno kwa neno, "Mmoja tu. Nani anahesabu?" Kisha ikasema kwa sauti ya Mwalimu Msasa mwenyewe, ya uchovu, sauti anayojisemea akiwa peke yake: "Ukinifuta, karakana imekwisha. Miaka kumi na tisa. Watakupa nini ushike?"

Mkuu aliinua mkono. "Mwalimu, fikiria..."

"Nimefikiria kwa siku mbili." Akageukia benchi la nyuma. "Nilikuandika kwa mkono huu. Hukuja kwa nguvu zako, nilikukaribisha mimi, kwa hofu. Ni kosa langu, na mimi kosa langu silipaki rangi. Sikiliza na mgeni asikie: darasa hili lina wanafunzi ishirini na tisa. Hakujawahi kuwa na thelathini. Huna namba hapa. Huna ndoano. Toka."

Akapitisha kalamu juu ya jina, mstari mmoja, ulionyooka kama wa rula.

Viungo vyote vya kigoda kile vikafunguka kwa pamoja, miguu minne ikatawanyika sakafuni na kiti kikapasuka katikati. Dirisha la nyuma likafunguka nje. Kitu kikapita kati ya mabenchi, cha baridi, kikiburuta maranda, na aproni ya thelathini ikaanguka sakafuni ikiwa imeloa, na haikuwa na mtu ndani yake.

Mkaguzi alikaa juu ya sanduku la misumari kwa muda. Alipoweza kusimama, alichukua fomu yake na kuandika: ishirini na tisa. Alikuwa mtu wa haki, kwa hiyo aliuliza kabla ya kutia saini.

"Unajua maana ya nilichoandika, Mwalimu?"

"Najua kusoma, mheshimiwa."

*

Karakana ilifungwa baada ya wiki moja. Wakaja watu wa ofisi na kufuli mpya. Lakini walipofika wakakuta chumba cheupe, hakina hata kipande cha mbao, kwa sababu alfajiri ile wanafunzi ishirini na tisa walikuwa wamebeba kila benchi mabegani na kuyapanga nje, kwenye kivuli cha tangi la maji.

Mkuu alikuja mbio. "Nani amewaruhusu?"

"Hatujaruhusiwa," akasema Mwalimu Msasa, bila kuacha kunoa patasi.

Mkuu alisimama, akatazama, akaondoka. Jioni alimtuma mtu na turubai. Hakusema limetoka kwake, na Mwalimu hakuuliza. Mbao zililetwa na mama yake Namba Nne, kwenye lori lake: vitanda vilivyovunjika, milango mibovu, makreti. "Watu wanatupa vitu vizima," alisema akishusha. Binti yake alimsaidia kushusha. Alikuwa mzima, anakula, mama yake hakusahau tena sahani. Ila sauti ilikuwa haijarudi. Majina yakiitwa alijibu kwa nyundo, mara tatu, na Mwalimu aliweka vema.

Filimbi hakuleta magodoro yake. Alifika na ufunguo mpaka mlangoni, akasimama, akarudi nao.

Siku ya tisa chini ya tangi, Mwalimu alimaliza kuita ishirini na tisa, akafunga daftari. Ndani ya karakana, nyuma ya kufuli, mle chumbani mlimokuwa hamna benchi wala nyundo, kitu kikagonga mbao.

Mara tatu. Kwa mapigo yale yale, kwa mwendo ule ule wa Namba Nne.

Watoto waliganda. Mmoja alianza kukusanya vitu vyake. Mwalimu Msasa alifungua mdomo kufoka, lakini aliwahiwa.

"We!"

Ilikuwa sauti mbovu, ya kukwaruza, kama mlango wenye bawaba kavu. Namba Nne alikuwa amepanda juu ya benchi, ameshika nyundo, mishipa ya shingo imemsimama.

"Hiyo ni yangu! Kwanza ulichukua mdomo, sasa unataka na mkono? Tafuta ya kwako!"

Baada ya muda, mle ndani, likasikika pigo moja, dogo, lisilo na uhakika, la mtu anayejifunza.

"Madam," akanong'ona Namba Tisa, "bado yumo."

"Yumo," akasema Mwalimu Msasa. "Nimemwita?"

"Hapana, Madam."

"Basi shika randa."

Randa ishirini na tisa zikaanguka juu ya mbao kwa pamoja. Kama aligonga tena, aligonga peke yake.